Maksai wa Wendelin

Halvor alirudi kutoka mjini, alikokwenda kusaga ngano yake ya kwanza, akakuta mbuga nzima imeungua. Nyasi zilizokuwa zikimfika kifuani zilikuwa majivu matupu. Aliliacha gari la farasi njiani akakimbia, akiita majina ya wanawe.

Nyumba ilikuwa imesimama. Kuizunguka pande zote palikuwa na ukanda mpana wa udongo mweusi uliotoka kulimwa, na moto ulikuwa umeishia hapo.

Mkewe, Gunhild, alitoka amembeba kitinda mimba wao.

"Tuko salama, mume wangu," alisema. "Jirani Wendelin alikuja na maksai wake akalima huku cheche zikimwangukia. Nilimsihi akaokoe nyasi alizowawekea ng'ombe wake, akasema nyasi zitaota tena."

Halvor akaenda kwa Wendelin. Alimkuta zizini akimpaka maksai mafuta ya nguruwe pale ngozi ilipobabuka. Nyuma yake, rundo la nyasi alizoweka kwa ajili ya majira yote ya baridi lilikuwa likifuka moshi. Njia nzima Halvor alikuwa akitafuta maneno ya kumshukuru.

"Watoto wamekula?" Wendelin aliuliza bila kugeuka.

"Wanakula sasa hivi."

"Basi vizuri."

Halvor akachovya vidole kwenye kopo la mafuta, akapita upande wa pili wa mnyama, akaanza kumpaka taratibu. Maksai akageuza kichwa, akampulizia pumzi ya uvuguvugu mkononi.