Kaunta ya Nne

"Foronya nane," mume alisema. "Humu ndani tuna mito mingapi?"

"Miwili."

"Sasa hizo sita utazivaa?"

Mke alikuwa ameketi kitandani na sare yake ya kijivu ya dobi wa hospitali, akimtazama mumewe akivuta vitu uvunguni kimoja kimoja. Vichujio vya chai saba. Vibanio vya nguo, pakiti kumi na moja. Mishumaa, na umeme haujakatika tangu mwaka jana. Kila kitu kilikuwa na lebo yake ya bei. Hakuna hata kimoja kilichofunguliwa.

"Mwenzangu, wale watu wa mkopo wanakuja saa sita. Wasipopata rejesho la mwezi huu, wanabeba cherehani. Wakibeba cherehani, mimi nitakuwa fundi wa nini? Wa kushona kwa meno?"

"Nimekusikia."

"Umenisikia tangu mwaka juzi!"

Mkopo wenyewe hawakuuchukua wao. Walitia saini ya udhamini tu, biashara ya aliyekopa ikafa, naye akatoweka bila kuaga. Mume alipiga marufuku jina la mtu huyo lisitajwe chini ya paa lake mpaka deni liishe. Mke hakuwahi kulitaja, hata kwa kuteleza ulimi.

Wifi yake ndiye aliyempa dawa ya ununuzi: kabla ya kutoa pesa, andika unajisikiaje. Mume alikichukua kidaftari juu ya kabati, akakifungua. Tarehe zote zilikuwa za Jumamosi. "Sijisikii chochote." Ukurasa uliofuata, "Sijisikii chochote." Hivyo hivyo hadi mwisho, kwa mwandiko mzuri kabisa, kama wa mtoto anayetaka alama.

"Kama hujisikii chochote, unanunua ya nini?"

"Sijui. Nikiwa kwenye foleni napata nafuu."

"Foleni! Wenzako wanaikimbia, wewe unaifuata kwa nauli."

Mume alisema kweli. Duka la mtaani kwao liliuza vibanio vile vile kwa bei nafuu. Mke alipanda basi, vituo vitatu, akapita maduka mawili njiani.

"Risiti unazo?"

"Zote."

Aliziweka kwenye kopo la biskuti, zimepangwa kwa tarehe. Mume alipiga hesabu upande wa nyuma wa kidaftari, akaipiga tena, na sauti yake ikashuka.

"Vaa viatu. Tunavirudisha vyote, sasa hivi."

"Nitakwenda mwenyewe."

"Uniletee foronya ya tisa? Leo tunakwenda wote."

Mke alivaa viatu. Alivifunga kamba polepole, akazifungua, akazifunga tena.

Mlangoni mwa duka mlinzi aliitazama mifuko yao minne. "Vya kurudisha ni kaunta ileile vilikonunuliwa, mzee wangu. Namba iko kwenye risiti."

Mume akatazama ya kwanza. Kaunta ya nne. Ya pili, ya nne. Akazipekua zote.

"Hii kaunta ya nne imekuroga?"

"Tupange foleni," mke alisema.

Kaunta nyingine zilikuwa na mtu mmoja mmoja. Ya nne ilikuwa na msururu, maana binti aliyekaa pale hakuwa mtu wa haraka. Alifunga mayai ya watu kwa uangalifu, alimsubiri bibi mmoja atafute sarafu kwenye fundo la leso. Mume alikuwa ameinamia mifuko foleni nzima, akihesabu foronya kana kwamba zingeweza kupungua.

"Karibu, mama," binti alisema, kama alivyosema kila Jumamosi. Kisha akamwona aliyekuwa nyuma. "Shikamoo, baba."

Mume aliinuka. Macho yake yalitua kwenye kibati kifuani mwa binti, kwenye jina lile, yakabaki hapo. Mtu wa nyuma akakohoa.

"Marahaba," mume alisema.

"Vinarudishwa vyote?"

"Vyote," alisema mke. Jumamosi nyingine neno lake lilikuwa "sina" tu, akiulizwa kama ana mfuko.

Mashine ililia mara moja kwa kila kitu. Kwenye foronya binti alisita.

"Hazikufaa, mama?"

"Zilikuwa nyingi."

Binti alihesabu noti mara mbili, akaziweka mezani. Zilitosha rejesho na chenji kidogo. "Asanteni. Karibuni tena."

Nje ilikuwa saa tano kasorobo. Mume alimkabidhi mkewe noti zote, akamfumbisha kiganja.

"Wahi basi. Wape mkononi, na wakuandikie."

"Na wewe?"

Lakini alikuwa ameshageuka. Mke alimwona kupitia kioo akimpita mlinzi, akichukua kiberiti kimoja kwenye rafu ya kwanza bila hata kukiangalia. Kaunta ya pili haikuwa na mteja, na mhudumu wake alimpungia mkono aje. Mume alimpita kama hakumwona. Alikwenda kusimama nyuma ya watu tisa, kaunta ya nne, akasubiri zamu yake ya kuitwa tena baba na binti aliyemzaa.