Nyegere na Tope la Mbayuwayu

Hapo kale Nyegere alilinda shamba kwa kumng'ata yeyote mwenye tope. Kazi ya kuwapaka wezi tope ilikuwa ya Mbayuwayu, na Kicheche aliijua kwa makovu. Siku moja Mbayuwayu, kwa kuchoshwa na kelele, akawapaka vifaranga wa Mama Kanga. Nyegere akainuka.

"Shemeji, hao si wezi, ni wanangu!"

"Mimi siangalii sura, mama. Wana tope."

Mama Kanga, ambaye hakuwa na nguvu za kubishana, alichota tope akampaka Nyegere mkiani.

"Na huu je?"

Nyegere akageuka, akaung'ata mkia wake, akazunguka akilia.

"Si uuachie?"

"Nitauachiaje?" akajibu kwa taabu. "Una tope!"

Mama Kanga akaenda kuwaogesha wanawe.