Sauti Iliyobanwa

Fundi cherehani alivaa vipokea sauti vya masikioni, akasubiri pale ngoma zinapotulia katika rekodi ya onyesho la bendi moja ya Kijapani ya metali, ule muziki mzito wa roki. Hapo ndipo marehemu kaka yake, aliyekuwa mbele kabisa ukumbini, alipopiga ukelele: "Tena!" Faili la rekodi lilikuwa halijabanwa kupunguzwa ukubwa, hivyo hakuna sauti iliyopotea, na yake ilisikika waziwazi kila mara.

Leo hakuusikia ukelele huo. Matoazi yalikwaruza kama mchanga ndani ya debe. Akarudisha nyuma, akavikandamiza vipokea sauti mpaka masikio yakamuuma.

"Umegusa diski yangu ya nyimbo?" akamuuliza mumewe.

"Nimeyabana mafaili tu, mke wangu," mumewe akajibu, macho kwenye mpira. "Yalikuwa makubwa mno, nami natafuta nafasi ya mechi zangu. Kwani nyimbo si zile zile? Makelele ni makelele."

"Ya mwanzo yako wapi?"

"Nimeyafuta."

Akamvalisha vipokea sauti kwa nguvu. "Haya, mtafute shemeji yako humo."

Mume akasikiliza, akakunja uso. "Nasikia ngoma tu."

"Basi umemzika mara ya pili, na safari hii hata taarifa hukunipa!"

Akashusha begi kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo za mumewe.