Kicheko cha Ukutani

Kwa sheria, kila mzazi aliyekataa mwanawe mchanga achomwe vitamini K ya kuzuia damu kuvuja alirekodiwa, na mtoto akitimiza miaka saba, ukuta wa nyumbani ulimsikilizisha sauti ile.

Asubuhi Raya alipotimiza miaka saba, Mwanahawa alikuwa akimfunga bintiye huyo vifungo vya sare. Mkono wa kulia wa Raya ulikuwa umelegea tangu damu ilipovujia ubongoni akiwa na wiki tano.

Ukuta ukasema: “Mwanangu hachomwi kabla ya arobaini. Mungu atamlinda.”

“Mama, huyo ni wewe?”

“Ni mimi, mwanangu.”

“Mbona ulikuwa unacheka?”

Mwanahawa alitaka kuomba toba, lakini aliona haya kusali mbele ya ukuta unaosikia. Raya akajifunga kifungo cha mwisho kwa mkono wa kushoto.