Sare ya Chini ya Kitanda

Wageni walikuwa wameshapiga hodi, na Afande bado yuko chini ya kitanda, miguu nje, akivuta sare ambayo ilitakiwa iwe imesharudishwa kazini.

"Toka huko uvae shati kama watu wengine," mkewe alimnong'oneza. "Leo ni siku ya posa ya mwanao, si siku ya gwaride."

"Kwao kijana kuna mkuu wa kituo cha polisi! Nimpokee na shati la maua?"

Tuelewane kidogo hapa. Afande hakuwa afande. Alikuwa mlinzi wa kampuni binafsi, getini kwenye ghala la magodoro. Ila sare ya zamani ya kampuni ilibuniwa na mtu mwenye makuu: kaki iliyonyooka, mikanda mabegani, kofia inayolalia sikio moja, na pingu kiunoni. Mtaa ukamwita Afande, naye akaitika. Binti yake akakua akijua baba ni polisi, akamwambia hivyo mchumba wake, mchumba akapeleka habari kwao.

Kisha zikaja kanuni mpya. Sare ya mlinzi isifanane na ya polisi. Mikanda ya mabegani, marufuku. Pingu, marufuku. Mamlaka ya mlinzi yanaishia getini. Ukimshika mtu mbele ya hapo, umemteka. Kampuni ikagawa mashati ya rangi ya karoti na kutaka kaki zote zirudishwe. Afande akaapa yake imeliwa na panya. Sasa kuivaa tu lilikuwa kosa la kujifanya polisi, na kosa hilo lina jela.

"Nikikaa pale kama karoti," alisema akifunga vifungo, "binti yangu atachumbiwa na nani? Sungura?"

Wageni walikuwa wawili, baba na mama wa kijana. Baba alikuwa pande la mtu, suti nyeusi, masharubu yaliyochanwa, kifua kimetangulia. Mama alikuwa mdogo wa umbo na mpole wa sauti. Alimpa Afande mkono, akamtazama kuanzia kofia hadi buti.

"Mmebadilishiwa vifungo, mkwe?"

"Eeh, hivi... hivi ni vipya."

"Vizuri," alisema kwa tabasamu, kisha akamgeukia mke wa Afande. "Dada, mimi kukaa kigeni siwezi. Nionyeshe vikombe viko wapi." Wakaingia jikoni wote wawili.

Sebuleni wakabaki wanaume. Binti na mchumba wake walikuwa wametumwa soda dukani, na kwa jinsi walivyopendana, wangerudi zimechemka.

Mzee wa suti aligeuza kiti chake kikaelekea mlango. Akaangalia dirisha. Akaangalia kitasa.

"Huu mlango wa nyuma unafungwa kwa ndani?"

"Kwa ndani," Afande alijibu. Ananizingira huyu, aliwaza.

"Na ukuta? Mtu anaweza kuuruka?"

"Labda awe kijana."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama anayehifadhi jibu hilo kwa ajili ya mahakama. "Mkwe, wewe uko kituo gani?"

"Niko... upande wa lango kuu."

"Kazi ngumu hiyo."

"Ngumu. Hasa mvua ikinyesha."

"Mvua usiniambie," mzee alisema, na sauti yake ikalegea. "Na miguu je!"

"Miguu, mkwe! Jioni buti halivuliki!"

Kabla hawajaendelea, mlango ulisukumwa. Alikuwa jirani, mkononi ana mfuko wa mikate aliyoagizwa. Mzee wa suti alisimama haraka, akaweka tumbo lake lote mlangoni.

"Hapo hapo! Unakwenda kwa nani? Una miadi? Fungua mfuko nione. Kitambulisho kiache hapa, utakichukua ukitoka."

Jirani aliacha mikate akakimbia.

Afande alibaki ameachama. Maneno yale hayasemwi na polisi. Yanasemwa na watu wa aina moja tu dunia nzima.

"Mkwe," alisema polepole, "wewe unalinda wapi?"

Mzee akarudi kitini kama puto lililotobolewa. "Hospitali," alisema kwa aibu. "Geti la wagonjwa wa nje. Mdomo umezoea tu."

Afande alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Na mimi niko magodoro! Mkwe, umenitesa! Nimekaa hapa nikijua leo nalala ndani. Hii sare nimewaficha kampuni, nikawasingizia panya wa watu. Na pingu ninazo, usinione hivi! Juzi nimemkamata mwizi wa kuku kule mtaa wa pili, nikamfunga kwenye nguzo kutwa nzima, na ananiita mkuu! Kanuni gani itamfikia mtu kama mimi?"

Mzee wa suti hakucheka. Alikuwa akishusha kiganja hewani, tena na tena, kama anayepunguza redio.

"Mkwe, sauti."

"Sauti ya nini, na sisi ni wamoja? Tena wewe umenizidi. Mimi nimejifanya polisi wa kawaida, wewe ukajipandisha mpaka mkuu wa kituo!"

"Sijajipandisha popote," mzee alinong'ona. "Mkuu wa kituo ni mke wangu."

Kule jikoni, vikombe vilikuwa vimenyamaza kitambo.