Sauti ya Kumtuliza Sultani

Kucha za Sultani zilitoboa tenga na kumfikia Faridi mgongoni kabla hawajaitoka Lionja. Bodaboda ikayumba. Bibi Mwanne akamkemea dereva huyo badala ya paka, na kilio kilichotoka ndani ya tenga kikawafanya watu watoke majumbani kutazama nani anachinjwa.

Paka alikuwa amepigana, sikio likatunga usaha. Pale Nachingwea daktari wa mifugo, Marselina, mama mpole aliyehamia kutoka Bukoba, alikisafisha kidonda huku mikono yake mwenyewe ikichanwa. Kisha akatoa maelekezo. Tenga lifunikwe khanga yenye harufu ya nyumbani, pikipiki isikimbizwe, na paka asikie sauti ya mtu aliyemzoea. Aletwe kila wiki mpaka kidonda kikauke.

Hapo kwenye sauti ndipo palipokuwa na shughuli. Sultani alilelewa na Zulfa, binti wa Bibi Mwanne, ambaye sasa ameolewa na mwalimu huko Ruangwa. Na Bibi Mwanne alikuwa amemsusia Zulfa. Mtoto wake wa kwanza kazaliwa, wa kike, kapewa jina la mama mkwe, Sikudhani, wakati Mwanne mzima yupo, anapumua, na jina zuri analo. Bibi aliapa hatasema na binti yake tena, na kwa kususa hakuwa na mpinzani wilaya nzima. Simu ya Zulfa ikiita, anaifunika kwa sufuria.

Basi Faridi, aliyesoma darasa moja na Zulfa, ndiye aliyepiga. Safari ya pili alimshikisha bibi simu juu ya tenga, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, akaendesha polepole.

"Tulia baba," Zulfa alisema kutoka Ruangwa. "Tulia Sultani wangu, daktari hana ubaya na wewe."

Kilio kikakatika. Bibi Mwanne aligeuza uso akawa anatazama mikorosho, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Mwambie anaongea na paka," alimnong'oneza Faridi. "Si mimi."

Ikawa ndiyo desturi yao. Zulfa alimsimulia paka kila kitu: ufuta wao wa Mbekenyera ulivyokubali mwaka huu, mumewe alivyokimbizwa na nyuki, mtoto alivyoota jino. Sultani akawa hatoi hata mlio. Kijiweni wenye paka wakorofi walikuja kuomba siri, na Faridi akawafundisha kwa madaha yote ya daktari.

Paka naye akaanza kuwa na maswali. Siku moja bibi alimwagiza Faridi amwambie Zulfa kwamba Sultani anauliza kama mtoto ameacha kukohoa. Safari iliyofuata Sultani alitaka kujua kama mtoto ananyonya vizuri, na nani anamsaidia Zulfa kuteka maji. Faridi alifikisha maswali yote bila kucheka. Zulfa alimjibu paka kwa adabu, na mwishoni akampa shikamoo. Bibi Mwanne akaitengeneza khanga juu ya tenga.

Faridi hakuwa mjinga. Alijua anayetulizwa pale si paka peke yake. Alinyamaza tu, maana aliogopa kwamba akitania neno moja bibi atamsusia na yeye, na mama na mwana watapotezana kabisa.

Kilichomsumbua ni kidonda chenyewe. Kipupwe kiliisha, mikorosho ikatoa maua, na bado wanakwenda kwa daktari. Alipouliza, bibi alimjibu kuwa sikio huponea nje kwanza, ndani baadaye. Aliposema tenga limekuwa zito, aliambiwa dawa inamkubali. Kulishika hakuruhusiwa, kwa sababu paka akishazoea mkono mmoja usimbadilishie. Kwa daktari bibi aliingia peke yake na mzigo wake, akatoka upesi, uso umemchanua.

Mpaka siku ile Zulfa alipopokea simu na sauti yake ikawa si ile ya siku zote.

"Sultani," alisema, "mume wangu kahamishwa. Tunakwenda Tabora wiki ijayo. Nilitamani mama amshike mtoto kabla hatujaondoka, hata mara moja tu. Ila najua hataki."

Faridi alisikia bibi akivuta pumzi nyuma yake. Alitaka kugeuka amtazame, na akageuka kweli, akasahau kwamba wapo kwenye mchanga. Tairi la mbele likateleza. Wakaenda chini polepole, kwa ubavu, bila kuumia, simu ikadondoka upande huu na tenga upande ule. Kamba ikakatika, kifuniko kikaruka.

Kutoka ndani ya khanga likatoka boga, kubwa, peke yake, likabingirika mpaka kwenye majani.

"Kaka Faridi?" Zulfa aliita kutoka mchangani. "Mbona kimya? Sultani ametulia?"

Faridi alilitazama boga. Akamtazama bibi. Bibi Mwanne alijiinua, akalifuata, akalifuta mchanga kwa ncha ya khanga, akakaa nalo kando ya njia, akalipakata. Kisha akanyoosha mkono, akaiokota simu.

"Bado hajatulia, mwanangu," alisema. "Namleta huko huko kwako."