Mstari wa Arobaini na Tano

Jina la mwisho lilipoanza kutoka kwenye printa, Hasina alinyoosha mkono kana kwamba angeweza kulirudisha ndani. Mastura Msafiri, namba 276.

Bwana Zubeiri wa utumishi alikuwa anasubiri mlangoni. "Tayari, Bi Hasina?"

"Dakika moja, bwana."

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, na kiwanda cha magunia kilikuwa kimepata mwekezaji. Mwekezaji alitaka watu arobaini wapunguzwe kabla hajatia saini. Ili asilaumiwe mtu, wakubwa wakaamua lawama aibebe kompyuta: ichague waliokosa siku nyingi kazini, ianze na aliyekosa zaidi, ishuke mpaka watimie arobaini. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bi harusi, na walioijua walikuwa wawili. Hasina aliiandika programu kwenye karatasi. Mastura, shoga yake wa miaka tisa, akaichapa.

"Ni kama kuvuta tasbihi," Hasina alikuwa amemweleza. "Kila punje ni mtu. Walio masomoni hawahesabiwi, hao tunawaruka, tunakwenda kwa anayefuata. Arobaini wakitimia, tunatoka."

"Ukimruka mmoja si watapungua?"

"Hawapungui. Wa nyuma anavutwa aingie."

"Na hii mistari mbona namba zake zinakwenda kumi kumi?"

"Ukisahau jambo, upate pa kulipenyeza."

Mastura akacheka. "Kumbe mashine nayo ina mlango wa uani!"

Jumatatu Mastura aliiendesha kwa majaribio, Hasina alipokwenda kuswali adhuhuri. Aliporudi alimkuta shoga yake amekaa, karatasi mapajani, jasho linamtoka.

"Sisi wawili hatumo," Mastura alisema. "Alhamdulillahi."

Hasina alishangaa. Mwaka ule alilazwa mara mbili, na mara zote mbili mimba iliharibika. Alikwishajiandaa kuliona jina lake. Labda siku za hospitali hazikuingizwa, aliwaza, wala hakuuliza. Riziki haiulizwi ilikopitia.

Kisha akaliona jina la kumi na saba. Uweso Sadalla, namba 112. Ami yake.

Vumbi la katani lilikuwa limemmaliza mzee kifua, ndiyo maana alikosa siku nyingi. Ndiye aliyemlea Hasina baba yake alipofariki. Aliuza minazi yake yote ya Pongwe ili binti akasomee kompyuta Dar es Salaam, na watu wakamcheka kwamba ameuza nazi akanunua upepo. Sasa walikaa nyumba moja Nguvumali, na asubuhi ile Hasina alikuwa amemwamkia kama kawaida.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mashine yako ndiyo itakayotuchagua. Basi mimi sina hofu. Kama umeifunza wewe, itakuwa na adabu."

Adabu hiyo ndiyo iliyomkosesha Hasina usingizi. Jumatano, kabla ya kuchapa orodha ya mwisho, aliketi mbele ya kompyuta. Hakuiita programu yote kwenye kioo, maana aliijua kwa moyo. Aliongeza mstari mmoja tu, wa 45: ukikuta namba 112, ruka. Kiwanda kilikuwa na watu mia nne. Atakayevutwa, alijiambia, atakuwa mtu nisiyemjua.

Na sasa aliyevutwa alikuwa Mastura, aliyekosa siku zake akimuuguza mama yake kijijini Mkwaja.

Kuufuta mstari ule kungechukua dakika tano. Mastura angetoka, ami angeingia. Hasina aliitazama kibodi, akamtazama Bwana Zubeiri aliyekuwa anaangalia saa. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, akajisemea. Akaichana karatasi kwenye printa, akampa. Aliona haya hata mbele ya mashine.

Barua zilitolewa Ijumaa. Mastura aliisoma yake akiwa amesimama, akairudia.

"Kwenye majaribio sikuwamo," alisema.

Hasina akainamisha uso.

"Uliongeza kitu, shoga?"

"Mimi? Sikuongeza kitu. Wallahi."

Kiapo kilimtoka kabla hajakipima. Mastura akaikunja barua taratibu.

"Basi nimejitakia mwenyewe."

Zile siku za Mkwaja, Hasina aliwaza, na dhambi ikamzidi uzito. Kumuuguza mama ndiko kujitakia? Afadhali angemtukana.

Mastura akamkumbatia. "Usilie, bwana. Wewe uangalie afya yako. Ukijaliwa tena, ndoo za maji usibebe, sawa?"

Jumamosi Hasina alirudi ofisini peke yake. Mtaalamu wa mwekezaji angefika wiki ijayo kuikagua programu, na mstari wa 45 ulipaswa kufutwa kabla macho yake hayajauona. Alikunja kitambaa cha kufuma, akawasha. Mara hii aliiita programu yote kwenye kioo.

Kumi. Ishirini. Thelathini. Arobaini.

Kabla ya 45 palikuwa na 43.

Mstari huo hakuuandika yeye. Ulisema: ukikuta namba 308, ruka.

Mkono wake ukaenda kifuani, kwenye kitambulisho alichokivaa miaka tisa bila kukitazama. Hasina Shaame, namba 308.